Nilivyolima shamba linalopakana na barabara kuu

Shamba langu linapakana na barabara kuu ya zamani, na kabla ya kupanda chochote nilitaka kujua magari yameacha nini ardhini. Nilichota udongo kwa mstari kutoka ukingo wa lami kuelekea ndani, kila baada ya mita 5, nikichukua sentimita 5 za juu tu, kwa kuwa metali zinazotua pamoja na vumbi hunasa kwenye tabaka hilo lenye mboji na hazizami upesi. Sampuli nilizianika kivulini, kisha nikazipeleka maabara.

Majibu yalionyesha metali zimejaa zaidi karibu na lami, kisha zinapungua kwa kasi. Zinki hutokana zaidi na matairi yanayolika, nayo shaba hutokana na breki, lakini iliyonishughulisha ni risasi, metali yenye sumu iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa magari, mwaka 2021, ila iliyokwisha kuingia udongoni haiozi, hivyo barabara kongwe iliyopoa leo yaweza kuwa na udongo mbaya kuliko barabara mpya yenye foleni.

Ukanda ulio jirani na lami niliuachia nyasi bila kuulima, nikachimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua yanayobeba oili, na nyuma yake nikapanda ua wa vichaka vilivyosongamana hadi chini. Mazao ya matunda yalifuata, maana risasi hupanda kwa shida hadi kwenye tunda, na mboga za majani zikaenda mwisho kabisa. Udongo ulikuwa na asidi, kwa hiyo niliongeza chokaa na mboji ili metali zishikwe zisinyonywe na mizizi, nikatandaza matandazo matone ya mvua yasirushie majani tope.

Nilipofuta jani la mboga niliyoipanda makusudi karibu na ua, pamba ilitoka nyeusi na yenye utelezi. Maabara ilikuta majani yasiyooshwa ya mboga hiyo yana risasi zaidi ya miligramu 0.3 kwa kilo, kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa mboga za majani, lakini majani ya shina lilelile yaliyooshwa vizuri yalikuwa chini ya kikomo. Kwangu hiyo ilimaanisha kwamba adui mkubwa alikuwa vumbi lililotua juu ya jani kuliko kilichopita mizizini. Ua nao hunasa vumbi hilo, kwa hiyo matawi ninayopogoa humo siyaingizi kwenye mboji wala siwapi mifugo.