Taa ya mchicha, taa ya letusi

Tangu nitume picha ya mchicha wangu ninaoukuza ndani ya nyumba kwa taa kwenye kundi letu la WhatsApp, naulizwa taa nimenunua wapi. Anzeni na jingine: unataka kula nini?

Hapa Brooklyn Park, jirani na Minneapolis, katikati ya Desemba mwanga wa jua haudumu hata saa 9 kwa siku, na jua lenyewe linapita chini chini, halina nguvu. Mche ukiuweka dirishani unarefuka, unakonda, unalalia kioo. Ndiyo maana bustani yangu iko besimenti, kwenye rafu ya chuma, mizizi ndani ya ndoo za maji yenye mbolea. Natumia njia ya Kratky, isiyo na pampu, kwa hiyo umeme wote ni wa taa.

Kwenye boksi wataandika wati 1000. Achana nayo. Soma maandishi madogo utafute wati zinazovutwa ukutani kweli. Mara nyingi utakuta ni 100 tu. Lumeni nazo zinapima mwanga kwa jicho la binadamu, na mchicha hauna macho. Mmea unataka fotoni, yaani chembe za mwanga, hasa za mawimbi ya kati ya nanomita 400 na 700, na kipimo chake kinaitwa PPFD: ni mikromoli ngapi za fotoni (moli ni namna ya kuhesabu chembe nyingi mno) zinaangukia mita moja ya mraba kwa sekunde. Muuzaji anayejiheshimu anakupa ramani ya namba hizo, katikati na pembeni, na urefu taa ilipotundikwa. Asiyetoa ramani, mimi sinunui kwake.

Letusi haina makuu. PPFD 200 kwa saa 16 inakupa moli 11.5 hivi kwa siku, karibu ifike 12, na yenyewe hukua vizuri zaidi kwenye 12 hadi 17. Mchicha ni habari nyingine kabisa. Ni mmea wa C4, kundi la mimea inayotumia vizuri jua kali, kama mahindi, kwa hiyo nimeuwekea 400, nikapima kwa programu ya Photone ya simu, kikaratasi cheupe juu ya kamera. Tena mchicha wa aina nyingi ukiona mchana mfupi unakimbilia kutoa maua, nami nataka majani. Taima yake iko saa 16. Giligilani ni kinyume: mchana mrefu na joto vinaiharakisha kwenda kwenye mbegu, basi inakaa rafu ya chini na saa zake 12.

Taa za mimea za zambarau, zile za nyekundu na buluu tu, sizitaki ndani ya nyumba yangu. Mmea unatumia hata mwanga wa kijani, na huo unapenya ndani zaidi ya jani. Lakini sababu yangu kubwa ni macho. Chini ya taa nyeupe naona jani changa limepauka huku mishipa yake ikibaki kijani, najua madini ya chuma yamepungua au pH ya maji (kipimo cha uchachu wake) imepanda. Naligeuza, naona vidukari wamejipanga kando ya mshipa wa katikati. Chini ya zambarau majani yote ni meusi meusi tu, utajua mmea unaumwa ukishakufa.

Bili? Taa ya wati 100 kwa saa 16 inakula uniti 1.6 kwa siku, 48 kwa mwezi. Kwa senti 16 kwa uniti, haifiki dola 8. Fungu la mchicha ulionyauka, uliosafiri kuliko mimi, linauzwa bei gani mnajua wenyewe.

Asiyetaka mahesabu aanze na matembele, majani ya viazi vitamu. Chomeka kipande cha shina kwenye maji, mizizi inatoka yenyewe, na taa ya kawaida ya letusi inatosha kuanzia. Jirani yangu Mliberia naye anayapika, kwa mawese, na vipande vya kwanza nilipewa na yeye. Sasa ninavyo vingi. Anayetaka aje Jumamosi na chupa yake ya maji.