Kufuga kobe kwenye nyumba yenye watoto wadogo: uzoefu wangu hapa Dodoma

Tangu tulipoachiwa kobe wawili, pamoja na kibali chao, na jamaa yetu aliyehamishwa kikazi, nimepewa ushauri mwingi kuliko hata nilipojifungua mtoto wa kwanza, na karibu wote ulikuwa wa kupotosha. Jirani mmoja alinihakikishia kwamba nikiwaogesha kwa maji ya dawa kila wiki hawatakuwa na vijidudu. Mwingine alitaka niwape dawa za kuku. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye hapa Nkuhungu, aliufunga mjadala kwa sentensi moja: "Mama Asha, kobe hana meno, atamfanya nini mtoto?"

Ni kweli kobe hana meno, lakini hofu yangu haikuwa kuumwa. Kobe mwenye afya njema kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonella tumboni, akawatoa kwa kinyesi, nao wakabaki kwenye gamba, miguuni na katika maji anayokanyaga. Kumwogesha hakuondoi kilichomo tumboni, wala antibaiotiki hazimsafishi kwa uhakika. Mtoto wa chini ya miaka 5 ndiye anayeumwa zaidi, kwa kuhara, homa na msokoto wa tumbo, na wakati mwingine bakteria huingia hadi kwenye damu. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Nilipomweleza Mama habari hizo, alinijibu kwamba watoto wa Marekani wana matumbo laini.

Hapo ndipo nilipokumbuka manjano. Sikutaka kumtumia kobe mwenyewe, kwa hiyo nilichukua bakuli safi la bati, nikalipindua sakafuni, nikalipaka mafuta kidogo ya kupikia na kulinyunyizia manjano ya unga, kisha nikawaambia watoto kwamba huyo ndiye kobe wa leo, wamlishe na kumbeba watakavyo. Mimi nilikaa kando nikichambua mchele, nikijifanya sioni. Chai ilipoiva nilimwomba Mama anisaidie kutafuta rangi ilikofika. Tuliikuta kwenye kitasa cha mlango, kwenye pazia, kwenye ukingo wa kikombe cha Asha na kuzunguka midomo ya mdogo wao, ambaye alikuwa amegusa bakuli mara moja tu, kisha akaendelea kunyonya kidole gumba. Alama nzuri kuliko zote, vidole vinne vilivyopangana, ilikuwa kwenye khanga ya Mama mwenyewe. Aliitazama kwa muda, akaingia ndani kubadilisha, na tangu siku hiyo meno hayakutajwa tena.

Banda lilikuja baadaye. Mume wangu alianza kwa kuzungushia wavu wa kuku, lakini kobe, kwa kuwa waliona upande wa pili, walisukuma kutwa nzima, huku mtoto akipenyeza vidole kutoka nje. Tuliung'oa, tukajenga ukuta wa matofali ya kuchoma unaonifika kiunoni, na komeo la geti likawekwa juu, upande wa ndani. Gharama haikupita laki mbili na kitu, ila fundi alikuwa shemeji yangu, kwa hiyo hesabu hiyo isimdanganye mtu.

Ninachojivunia zaidi ni kibuyu chirizi. Dumu la lita 5 limening'inizwa hatua moja nje ya geti, lina kikanyagio cha mguu na sabuni kwenye kipande cha neti, na hakuna njia ya kurudi nyumbani isiyopita hapo. Mtoto hagusi bomba kwa mikono michafu, na kwa shida yetu ya maji, dumu moja linanawisha watoto wote wa jirani. Maji ya kobe yanamwagwa chini ya mwarobaini, kamwe si kwenye sinki la jikoni wala kwenye tuta la mchicha.

Mdogo wetu ana miaka miwili na haingii bandani kabisa. Daktari wa mifugo alitushauri kwamba nyumba yenye mtoto wa umri huo ni afadhali isifuge kobe, nasi tulikubali kuwabakiza kwa sharti kwamba atawaona akiwa amebebwa, kutoka nje ya ukuta. Wakubwa huwalisha majani kwa kuyaweka chini, si mkononi, na hawaruhusiwi kuwanyanyua, maana gamba ni mfupa ulio hai na kobe akianguka kwenye saruji hupasuka. Ugali na mkate tulivikataza pia. Wanyama hawa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo anayekutana na kobe akivuka barabara ya Kondoa amwache aende zake.

Msimu wa mvua ulileta jambo ambalo hakuna mshauri aliyelifikiria, yaani tope la bandani kuingia sebuleni kwa viatu. Sasa kuna ndala za banda, zinakaa ndani ya geti, na anayetoka nazo ndiye anayepiga deki.