Baridi ya Kuisikia Peke Yako

Wajerumani wakisikia natoka Tanzania huniuliza, kwa sauti ya pole, baridi yao naiwezaje. Mimi ni mtu wa Njombe, ndugu zangu, si wa Kariakoo. Kwetu mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta sakitu kwenye majani, maji ya kunawa yanauma hadi mfupani, na mtu mzima anakwenda sokoni amejifunga blanketi. Baridi tumezaliwa nayo. Ila baridi ya kuisikia peke yako, hiyo nimekutana nayo Leipzig.

Kwetu joto lilitoka kwa watu. Jioni ukoo mzima umebanana jikoni kwa bibi kuzunguka mafiga, moshi unatutoa machozi na hakuna anayetaka kutoka. Usiku watoto wanne kitanda kimoja, tumelala mzungu wa nne, kisigino cha binamu kiko shavuni. Unalalamika wee, lakini akirudi kwao usingizi haupatikani. Huku joto linatoka ukutani. Kila chumba kina hita yenye kishikio cha kuzungusha, namba 1 hadi 5, na namba 3 ni kama nyuzi 20. Unakaa na namba yako, jirani na yake, kisha bili inakuja.

Nilipoolewa ndipo nikaona makubwa. Kitanda kimoja, duveti mbili! Yake huku, yangu kule, katikati mpaka. Nikajua nimemuudhi mwenzangu. Nikampigia dada yangu simu, naye wala hakuniliwaza: "Mdogo wangu, huyo ana mwingine." Kumbe ndivyo wanavyolala wengi huku, hata waliozeeka pamoja, na hoja yao inaeleweka: mmoja husikia joto mapema, mwingine miguu yake barafu, wanyang'anyane ya nini? Kichwa changu kilikubali upesi. Mwili ulikataa.

Na mwili una sababu zake. Ndani unatakiwa kukaa karibu na nyuzi 37. Baridi ikiingia, mishipa ya damu kwenye ngozi inajibana, mikono na miguu inaachwa ipoe ili moyo na ubongo vibaki na joto. Baridi ikizidi, misuli inaanza kutetemeka, na kutetemeka kunakula nguvu. Ukiwa na mtu ubavuni, gharama hiyo mnagawana. Watafiti waliowafuatilia tumbili wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 2015 kwamba wale wenye wenzao wengi walihimili baridi ya kipupwe vizuri zaidi, joto la miili yao halikushuka sana kama la wapweke. Mwanasaikolojia Hans IJzerman, Mholanzi, ameshikilia wazo la jirani na hilo: kushikamana kwa binadamu, kwa sehemu, kumeota kwenye haja ya kupashana joto.

Kwa mtoto mchanga hilo halina ubishi. Mimi ni muuguzi, nimewashika watoto njiti ambao huwezi kuwaacha wazi hata kwa muda mfupi, maana mwili mdogo vile unapoa upesi na kutetemeka bado haujui. Mwaka 1978 huko Bogotá, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto, akaanza kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo hiyo tunayoiita kangaruu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na kwetu Tanzania, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Mpwa wangu alikulia kifuani mwa mama yake hivyohivyo, na sasa anatusumbua kwa mpira.

Lakini tusizidishe chumvi, joto si kila kitu. Harry Harlow, Mmarekani, aliwapa vitoto vya nyani "mama" wawili wa bandia, mmoja wa waya mtupu na mwingine amevikwa kitambaa laini. Matokeo aliyatoa 1958. Wote wawili walipashwa joto, na hata pale maziwa yalipokuwa kwa yule wa waya, vitoto vilikwenda kunyonya kisha vikarudi kumkumbatia wa kitambaa. (Vilitenganishwa na mama zao kwa ajili hiyo. Ni ukatili, hata kama tumejifunza kitu.) Mwaka 2008 ukaja utafiti uliosifiwa sana: ukishika kikombe cha kahawa ya moto kwa muda mfupi, utamwona mtu usiyemjua kuwa mkarimu zaidi. Wengine walipoujaribu tena kwa watu wengi zaidi, haukutoa jibu lile. Mimi sikushangaa. Huku nimeshikishwa vikombe vya moto na watu baridi wa kutosha.

Kipupwe cha 2022, gesi ya Urusi ilipokatika, serikali iliagiza ofisi za umma zisipashwe joto zaidi ya nyuzi 19. Kwetu nyumbani mume wangu akashusha hita hadi namba 2, nami nikanuna. Basi jioni tukajikuta tumehamia kochi moja, blanketi moja, miguu yangu chini ya mapaja yake, naye akipiga kelele kwa Kijerumani kwamba namuua. Tuliongea kuliko miaka yote iliyotangulia. Sidai ni joto lililofanya hivyo. Labda ni kwa kuwa hakuna aliyeweza kwenda kununia chumba kingine, kulikuwa na baridi mno.

Ninaowaonea huruma ni walioacha wenzao nyumbani. Rafiki yangu wa Iringa yuko huku, mumewe yuko kule anahangaika na mtihani wa Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa, kwani bila cheti hicho viza ya kumfuata mke haipatikani kirahisi. Wanaongea kwa video kila siku, simu ameiegemeza kwenye mto. Analala na chupa ya maji ya moto tumboni. Nilimuuliza inasaidia? "Inasaidia, dada, ila ikifika saa tisa usiku imeshapoa, inabidi niisukume pembeni." Mumewe alifeli sehemu ya kusikiliza. Amejiandikisha tena Dar es Salaam, na siku hizi namfundisha namba kwa simu, maana ndizo zinazomwangusha.