Siku niliyowasha bloa kabla ya kupima

Mwezi wa tano 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limetoka nje ya mipaka yake, hapa Kisumu. Kule Dunga maji yaliingia mpaka kwa vibanda vya samaki, wazee wakawa wanasema mara ya mwisho kuona hivyo ni zile mvua za miaka ya 60. Sisi tulikuwa Kondele, maji hayakutufikia lakini simu zilizolowa kwa mafuriko zilitufikia, kila siku tano sita, zingine ukifungua bado unapata tope ndani. Mimi nilikuwa na miezi saba tu kwa hii kazi ya kutengeneza simu. Skrini naweza, betri naweza, sistimu ya chaji naweza, yaani vitu vya kufungua na kufunga. Bodi yenyewe nilikuwa naiogopa, na pia nilikuwa naitamani vibaya sana.

Siku hiyo akaja mama mmoja na boda kutoka Dunga, maski iko chini ya kidevu, simu ameifunga kwa leso na ndani ya leso kuna mchele. Mimi ni mtu wa Vihiga, Kijaluo changu ni kidogo, kwa hivyo tukaongea Kiswahili.

"Nyathina," yaani mtoto wangu, "usiniambie ninunue simu ingine. Simu naweza nunua. Mimi nataka picha."

Nikafikiria ni picha za watoto ama za matanga. Kumbe ni za kitabu cha madeni. Anauza omena kwa jumla, watu wanachukua magorogoro, ile mikebe ya kupimia, wanalipa wakishauza, na yote yameandikwa kwa kitabu kimoja. Kibanda kilipoingia maji kitabu kikalowa, akakianika juu ya mabati lakini wino ukawa unaisha tu, kwa hivyo binti yake akakipiga picha ukurasa kwa ukurasa kabla kigeuke uji. Siku tatu baadaye wakihamisha mizigo simu ikaanguka ndani ya maji. Picha hazikuwa zimetumwa kwa mtu yeyote. Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi mwingine akawekewa betri mpya, ikakataa kuwaka.

Wacha niseme hili la mchele juu bado naliona mpaka leo na linaniuma. Mchele haufikii maji yaliyoingia chini ya aisi, vile vidude vyeusi vya bodi. Na simu ikikaa kwa mchele siku mbili betri ikiwa bado imeshikana na bodi, stima inapita ndani ya yale maji na inakula shaba polepole, ndio unakuta ile kutu ya kijani. Kitu cha kwanza ni kuzima, ikiwezekana betri itolewe, na bodi ioshwe na spiriti siku hiyo hiyo.

Fundi wangu, mwenye kibanda, aliangalia simu akaangalia mama akaniita pembeni. Akaniambia hii si ya kubadilisha bodi. Simu za siku hizi memori yake imefungwa kwa ufunguo na huo ufunguo unakaa kwa prosesa ya bodi hiyo hiyo, ukiitoa memori ukaipandikiza kwa bodi ingine hupati kitu, unapata takataka tu. Kwa hivyo ni hii bodi iamke ama picha zimeenda. Halafu yeye alikuwa lazima aende tauni kuchukua skrini za wateja. "Ioshe, ipime, uniandikie umeona nini. Usipashe kitu."

Nikaitoa bodi nikaisugua na spiriti na mswaki laini, ikatoka kijani nyingi upande wa chini. Nikaishikisha kwa pawa saplai, mashine ya kutoa stima kwa kipimo, volti 4, bila kugusa batani ya kuwasha. Bodi nzima ukiiwekea stima bila kuiwasha inavuta karibu sufuri. Hii ilikimbia mpaka mwisho wa ampea 2 nilizoruhusu, mara moja. Shoti, yaani stima inapita njia ya mkato. Nikaweka mita kwa mdomo wa betri, chanya na graundi, yaani upande wa hasi, ikalia piiiii.

Hapo ndio nilipaswa kuandika na kungoja. Lakini mama alikuwa amekaa kwa stuli ananiangalia mikono, na mimi nilikuwa nimesikia kwa mafundi wengi kwamba shoti kama hiyo ni pawa aisi, ile inayogawa stima kwa bodi, ipashe ikae vizuri. Nikatoa kile kifuniko cha bati, nikaweka flaksi, dawa ya kusaidia solda kushika, nikawasha bloa, ile ya kupuliza hewa ya moto, digrii 350 nikaishikilia juu ya aisi. Sekunde thelathini, pengine arobaini. Nikaipima tena ikalia vile vile piiiii, nikazima bloa nikarudisha kila kitu kama haijaguswa.

Fundi aliporudi hata hakukaa. Flaksi ikiungua ina harufu yake.

"Umepasha wapi?"

Nikamwonyesha.

"Mita ilikuambia ni hapo?"

Nikanyamaza. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alichukua kiti akanieleza mbele ya mama, kwa sauti ya chini, kwamba laini ya betri inazunguka bodi nzima na imewekewa kapasita nyingi, vipande vidogo vya kutunza stima, zote zimeshikana upande mmoja na laini na upande mwingine na graundi. Moja ikifa kwa shoti, ukipima yoyote kati ya hizo mita inalia, ni kama majirani wa bomba moja, likipasuka kwa mmoja wote wanakosa maji na huwezi kujua ni kwa nani ukisimama kwa mfereji wako. Kwa hivyo mita inakuambia laini ni gani, haikuambii ni nani. Huyo lazima umtafute na joto lake mwenyewe. Wakati bado anaeleza, stima ikapotea.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni na kafyu ya korona ni saa moja. Mama akauliza kama betri haiwezi kutumika badala ya stima, fundi akakataa, akasema betri ya litiamu haina breki unayoweza kupimia kama pawa saplai, ukiiachilia kwa shoti inaweza kumwaga nguvu nyingi na kuchoma bodi ama kuchoma sisi. Mama akaacha simu kwetu. Alishika mkono wangu, si wa fundi, akasema "kesho, nyathina", akapanda boda akaenda.

Usiku huo sikulala. Nilikuwa najua kitu ambacho mama hajui, kwamba prosesa na memori ziko karibu na mahali nimechoma, na kama nimeziharibu basi ni mimi nimekula madeni ya watu wazima na si ziwa. Nilikuwa nafunga macho naona ile bloa.

Asubuhi stima ilikuwa imerudi. Fundi alichukua rosini, utomvu mkavu wa kusolda, akaishika na ncha ya chuma ya solda, moshi ukapanda na yeye akapitisha bodi juu yake mpaka ikafunikwa na kitu cheupe kama unga. Akaweka volti 1 tu, juu shoti haihitaji volti nyingi na kama kuna sehemu nzima hutaki kuiua, halafu akaachilia ampea polepole. Tukainama wote wawili. Kwa sekunde chache unga ukayeyuka mahali pamoja, doa dogo likawa wazi. Lilikuwa mbali kabisa na pawa aisi, upande wa kamera. Kapasita ndogo kuliko punje ya wimbi. Akaitoa na twiza, akaweka mita, kimya. Akaweka volti 4, pawa saplai ikasoma sufuri. Hakuweka ingine badala yake, akaniambia kwa laini kama hii zilizobaki zinabeba kazi.

Akabonyeza kuwasha. Ikapanda mpaka ampea 0.05 ikasimama hapo. Akabonyeza tena, 0.05. Simu nzima inapoamka ile namba inaruka ruka, inapanda inashuka, juu prosesa inasoma memori. Ikisimama kama mti ujue kuna mtu hajapata chakula.

Aliweka bodi chini ya maikroskopu akaangalia muda mrefu, halafu akaniachia kiti. Nikaona mwenyewe. Kando ya pawa aisi, pale pale nilipochoma, koili moja, kipande kidogo cha kupitisha stima, ilikuwa imesimama na mguu mmoja. Kila koili pale inapeleka volti yake mahali fulani, na hii ilikuwa haipeleki. Ni upepo wa bloa yangu uliiinua.

"Wewe uliyeisimamisha, ilaze."

Nikamwomba afanye yeye. Akakataa. Nikaweka flaksi kidogo, chuma cha solda chenye ncha nyembamba, twiza mkono wa kushoto, nikajaribu mara mbili mkono ukitetemeka mpaka nikaacha kupumua kabisa. Mara ya tatu solda ikang'aa, koili ikalala yenyewe, ikavutwa ikakaa kwa nafasi yake kama ambayo haijawahi kutoka. Nikabonyeza. 0.05, 0.12, 0.3, ikashuka, ikapanda, ikaruka ruka. Skrini ikawaka. Nilitoka nje nikasimama kwa barabara kidogo, boda zinapita, sikutaka anione uso.

Mama alifika saa nne. Aliweka pateni mwenyewe, akafungua picha, akahesabu kwa kidole, kurasa 31. Tukazihamisha zote kwa memori kadi na mimi nikakimbia saiba ya jirani kuzichapisha kwa karatasi. Fundi alimlipisha 1,500, na kabla achukue pesa akamwambia wazi, "Mama, huyu kijana alichoma mahali hapakuwa na shida, ilikuwa karibu ipotee." Mama akanigeukia. Nikamwambia ni kweli, nisamehe.

"Na nani ameirudisha?"

"Yeye," fundi akasema.

Hakusema kitu kingine. Alivaa miwani, akaketi kwa stuli ile ya jana, akanyoosha karatasi ya kwanza kwa mapaja na akapigia jina la kwanza juu kabisa na ile simu, akasema kwa Kijaluo kikali ambacho hata mimi nilikielewa, ya kwamba magorogoro ni kumi na nne, si tisa.