Muyaka amevunja ukuta

Saa nane usiku, mtaa wa Umoja kimya, na Muyaka bin Haji amevunja ukuta wa ngome kwa ubeti! Wiki tatu ukuta huo umenikatalia.

Kwenye gemu ninayoitengeneza uchawi ni ushairi, na mchezaji anatunga mwenyewe. Muyaka, malenga wa Mvita (Mombasa) aliyefariki 1840, anapigana kwa mishororo ya mizani (silabi) 16, nane kwa nane. Mwana Kupona, wa utendi wa 1858, anaponya majeruhi kwa vipande vya mizani 8. Mizani ikipungua, uchawi unazimika.

Kilichonitesa ni herufi m. Programu ilihesabu irabu peke yake, kwa hiyo "mtu" ikawa mizani moja. Nikaiambia ihesabu kila m inayofuatwa na konsonanti, isipokuwa w na y. Mtu akakaa sawa, mbuzi akawa na mizani tatu badala ya mbili. Halafu "mbaya": mtu mbaya ni m-ba-ya, tatu, nyumba mbaya ni mba-ya, mbili. Herufi zile zile! Mbuni ndege ni mbili, mbuni wa kahawa ni tatu. Nimekuwa nikipanda matatu nikigonga silabi gotini kwa kidole, daftari limejaa vistari.

Dawa imekuwa kuangalia nomino iliyotangulia na ngeli yake, pamoja na orodha ya maneno ya mb niliyoandika kwa mkono. Leo nikaandika: "Mtu mbaya ngomeni, leo hii nakuita." Kumi na sita kamili. Jiwe la juu likatikisika, likadondoka, vumbi likajaa skrini.

Kabla ya hapo nilipoteza siku nne na kifurushi cha programu cha kukata silabi kilichotengenezewa lugha nyingine. Msihangaike nacho, penseli inafaa zaidi. Godot, programu ninayoundia gemu, nayo naisifu: ni ya bure, na laptopu yangu ya mtumba inaibeba bila kupumua kwa shida.

Kesho ilikuwa zamu ya Mekatilili, shujaa wa Wagiriama aliyepinga Waingereza, atoroke Kisii arudi Giriama kwa miguu. Lakini sasa programu inaelewa ubeti, na Fumo Liyongo, shujaa mshairi wa hadithi za pwani, yuko gerezani! Mchezaji atatunga wimbo, walinzi wasikie wimbo tu, Saada, kijakazi wake, asikie ujumbe wa kumpelekea mama yake Liyongo: mkate wa wishwa, na ndani yake tupa ya kukatia minyororo. Mekatilili atanisamehe. Nimeshaanza kuchora mkate.