Mhuri Uliogeuka Doa

Mvua za masika ya 2018 zilipenya paa la masjala yetu ya Malindi usiku wa Jumamosi. Jumatatu asubuhi rafu mbili za chini zilikuwa zimerowa chepechepe: majalada ya fidia za walioumia kazini, wengi wao wa mashamba ya chumvi upande wa Gongoni na wakata mawe.

Kijana mmoja alishakumbatia rundo kulipeleka juani. Karani mkuu akamzuia. "Mwanangu, jua litazikunja karatasi na kufifisha wino. Zianike kivulini." Ukungu huota baada ya saa 48 hivi, na zaidi ya 30 zilikuwa zimeshapita.

Kila jalada tulilitoa likiwa limelala juu ya ubao, kwa maana karatasi iliyorowa huchanwa na uzito wake yenyewe. Namba tuliandika kwa penseli kwenye kikaratasi kilichokaa na rundo lake. Wino wa kalamu ungechuruzika. Pini tulizing'oa kabla hazijaacha kutu. Karatasi kumi kumi ziliwekwa kati ya karatasi za kunyonya maji, tukazibadilisha kila baada ya saa chache. Feni zilielekezwa ukutani, na usiku madirisha yalifungwa, maana upepo wa bahari huja na unyevu. Karatasi zilizogandana hatukuzibandua kwa nguvu. Picha za eksirei ndizo zilizotutia hofu zaidi: zikikauka zikiwa zimeshikana, hazitengani tena. Tulizisuuza kwa maji safi ya baridi, tukazitundika kwa pembe moja moja.

Palitolewa wazo la kutupa yaliyoharibika sana. Haiwezekani, Sheria ya Nyaraka za Umma, Sura ya 19, hairuhusu kumbukumbu za serikali ziharibiwe bila idhini. Na hata bila sheria hiyo, fikiria kilichomo. Kwa sheria ya Kenya ya 2007 ya fidia kwa walioumia kazini, aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa mshahara wa miezi 96. Aliyepoteza sehemu hulipwa sehemu ya kiasi hicho, kwa asilimia ya ulemavu wake. Ripoti ya daktari ikipotea, asilimia imepotea. Hati ya mshahara ikipotea, hakuna cha kuzidisha.

Kisha kuna tarehe. Dai huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Katika jalada la mkata mawe mmoja aliyepondwa vidole, fomu ilisomeka vizuri, lakini mhuri wa kupokelewa ulikuwa doa la zambarau. Bila tarehe ile, mwajiri angeweza kudai kwamba fomu ililetwa kwa kuchelewa.

Rejista ya barua zinazoingia ilikuwa kwenye kabati la juu, kavu, imeandikwa kwa kalamu ya bolpeni. Tulipekua hadi tukaikuta namba yake na tarehe ya kupokelewa: miezi minne baada ya ajali. Ukurasa ule ulitolewa kopi, wawili wetu wakatia sahihi, ikaambatishwa nyuma ya fomu yenye doa. Fomu yenyewe haikuguswa.