Naisikia

Jana maharage yaligoma kuiva. Mama Tuma akayalaumu maharage, akalaumu gesi, akamlaumu na aliyemuuzia. Mimi nilikuwa sebuleni na kahawa yangu nikasikia ssssss, nyembamba, inatokea pembeni ya presha badala ya juu. Nikamwambia bila hata kunyanyuka, "Raba imechanika. Upande wa mkono." Akaenda, akaugeuza mfuniko, akarudi kunitazama kama mtu aliyeolewa na mganga bila kujua.

Uganga sina. Nilikuwa nimeshafika Kitonga.

Ni 2003, mimi ni utingo wa mjomba, dereva wa lori. Tumepakia mbolea Dar, mifuko 200 ya kilo 50, tani 10 juu ya mgongo wa lori ambalo lilishazeeka kabla sijamaliza shule. Tunaenda Makambako. Mahali fulani baada ya Chalinze, kila mjomba akikanyaga mafuta, nasikia firimbi. Akiachia, kimya. Akikanyaga, firimbi.

"Mjomba, gari inalia."

Macho yake yako barabarani. Nikarudia. Akageuka, akanitazama usoni, akasema, "Naisikia." Ikaishia hapo.

Kuna kitu wakati ule sikukitilia maanani. Usiku, kila nikianza kuongea, mjomba aliwasha taa ya ndani ya kabini. Nilidhani ndiyo adabu ya madereva wa zamani.

Morogoro tukaingia gereji. Fundi akauliza, inaliaje? Mjomba akawahi: "Inagonga. Ko, ko, ko, kama mtu yuko mlangoni." Nikashangaa. Nikasema hapana, inapiga mluzi. Fundi akanipa lile jicho ambalo kila utingo analijua, akaendelea na mjomba. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, akazunguka nayo kila mahali huku injini inaunguruma taratibu. Hakusikia kitu, na asingesikia. Sauti ile ilikuwa inataka mzigo na mlima, na pale gereji hapakuwa na mlima.

Lakini fundi haondoki mikono mitupu. Akafungua mpira wa hewa, akaingiza vidole, akaitikisa feni ya tabo. "Unaona inavyocheza? Tabo imekufa hii."

Leo ningemjibu. Shafti ya tabo inaelea kwenye mafuta, kwa hiyo kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida yake. Mbaya ni ikicheza mbele na nyuma, au feni ikianza kukwaruza nyumba yake. (Vijana wa mtaani kwangu kila kinachopiga mluzi wanakiita supachaja. Supachaja inazungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda. Tabo inasukumwa na moshi wa eksozi. Kazi yao ni moja, kushindilia hewa ndani ya injini, ila ukiwaambia wanakuona mzee.) Siku ile sikujua lolote kati ya hayo. Fundi akataja bei, mjomba akampigia bosi simu, bosi akasema mbolea ifike kwanza. Tukaondoka.

Mikumi mjomba akasema, kama anaongea na usukani, "Haivuti. Tangu Chalinze haivuti." Na kweli, moshi ulikuwa mweusi ti. Mguu wake ulikuwa umejua mapema kama sikio langu.

Ruaha Mbuyuni tukapita na harufu ya vitunguu, halafu Kitonga ikatusimamia mbele.

Waliopanda ule mlima na mzigo wanajua. Gia ya chini kabisa, lori linatambaa, ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na utingo yuko chini anatembea na gogo lake, tayari kuliweka nyuma ya tairi. Basi mimi nilikuwa chini. Na nikiwa chini, kwa mara ya kwanza nilikuwa karibu na sauti yenyewe kuliko mtu yeyote aliyewahi kuitafuta. Nikasogea na kurudi. Nyuma ya tairi la mbele ilikuwa inapasua kichwa. Mtoto mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi kando ya barabara alijiziba masikio.

Palipotanuka kidogo nikampungia mjomba mkono. Akasimama. Nikatega gogo, nikaongeza mawe, nikakata matawi nikayatandaza barabarani kwa nyuma, nikaingia uvunguni. Mpira unaotoa hewa kwenye intakula, kile kipoza hewa ya tabo, kuipeleka kwenye injini ulikuwa umesuguana na chuma mpaka ukachanika kwa chini, mahali ambapo ukisimama huoni. Pembeni ya ufa palikuwa na vumbi lililolowa mafuta, limetawanyika kama mate. Hewa iliyokuwa imeshindiliwa yote ilikuwa inapotelea hapo, dizeli inabaki bila mwenzake, ndiyo maana ya moshi ule. Tabo ilikuwa nzima.

Tulikata tyubu kuukuu kama mnavyokata mpira wa manati, tukauzungushia ule mpira kwa kuvuta sana, tabaka juu ya tabaka, tukamalizia na waya. Mjomba akapanda, akaondoa. Mimi gogo begani.

Lori likavuta. Moshi ukakonda ukawa wa kijivu. Na mluzi haukuwepo. Nilibaki na mngurumo tu, mzito, wa kawaida, na mbuzi mmoja analia juu ya mwamba. Nikakimbia nikafika sawa na dirisha lake. Nilikuwa nacheka. Nilitaka anisifu, basi. Nikampigia kelele, "Mjomba! Unaisikia?"

Akauangalia mdomo wangu. Si macho, mdomo. Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari.

"Naisikia," akasema. "Ila imepungua."

Nikaendelea kutembea. Gogo likawa zito. Nilitazama mkono wake ulionyooka dirishani, saa yake ya kamba ya ngozi, jasho lililochora njia kwenye vumbi la shavu, nikawa napanga upya kila kitu: ile ko, ko, ko ya Morogoro, ile taa ya kabini. Mngurumo alikuwa anausikia, honi za mabasi alikuwa anazisikia. Miaka yake juu ya injini ilikuwa imeanza kumla zile sauti nyembamba, na yeye alikuwa anaziba pengo kwa neno moja. Akanitazama tena. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akarudisha macho barabarani, na hakusema kitu mpaka Ilula.

Iringa tukanunua mpira mpya. Akaninunulia chipsi mayai na kuku juu yake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Bosi alipouliza ugonjwa ulikuwa nini, mjomba alimwambia mimi ndiye niliyeugundua. Nami nikasema mjomba ndiye aliyeniambia nisikilize wapi. Hatukuwa tumepanga.

Nilikaa naye miaka miwili zaidi. Nikisikia kitu namwambia kinaliaje, kwa maneno, kinagonga au kinakwaruza au kinapuliza, naye anajua ugonjwa. Tulikuwa fundi mzuri sana, sisi wawili. Kuna usiku nilikuwa najiuliza kama bosi hakustahili kujua, na kama wale tuliokuwa tunapishana nao kwenye kona hawakustahili. Asubuhi napanda kabini.

Nilipoenda kusoma akachukua utingo mwingine, kijana wa Mafinga. Nilimkuta anafunga turubai, nikamwambia jambo moja tu: usiku ukitaka kuongea naye, subiri awashe taa.

Akauliza kwa nini.

"Mzee anapenda hivyo," nikamwambia.